Besi ya hedifoni na besi ya spika: anza na sikio, kisha chumba

Ieafoni ya bei ya chini kutoka Makoroboi, hapa Mwanza, inaweza kushuka hadi besi ya chini kabisa ya amapiano, kila noti ikasikika peke yake. Wimbo huohuo ukipigwa kwenye sabufa ya inchi 6 na nusu, katika chumba cha kupanga kule Mabatini, unageuka mrindimo mmoja: noti tatu tofauti zinatoa sauti ileile, na bati linaitikia juu. Watu wengi wakifika hapo huilaumu sabufa, au huzungusha kitufe cha besi mpaka mwisho. Kitufe hicho ndicho kiwe cha mwisho kuguswa. Besi ya hedifoni huamuliwa na jinsi inavyoziba sikio, na besi ya spika huamuliwa na chumba pamoja na mahali ulipoiweka. Ubora wa mashine yenyewe unafuata baada ya hayo.

Kwa nini kidude kidogo kinaweza

Spika inasukuma hewa iliyo wazi, na hewa iliyo wazi haikai isubiri kusukumwa. Masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayohesabiwa kwa hezi) yakishuka nusu, koni, ule utando wa spika unaotikisika, inatakiwa isogee mara nne zaidi ili sauti ibaki na nguvu ileile. Chukua lengo la kawaida: desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) umbali wa mita moja, sabufa ikiwa sakafuni. Kwa hezi 40 koni inapaswa kusukuma takriban sentimita 80 za ujazo kila inapokwenda mbele. Spika ya inchi 12 inalimaliza hilo kwa mwendo usiofika milimita 2. Ya inchi 6 na nusu inahitaji milimita 6 hivi, na nyingi za sabufa za nyumbani zikifika hapo koili, waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeshatoka kwenye sumaku yake, ndipo unasikia mkwaruzo. Ya inchi 4 ingehitaji sentimita moja na nusu, haiwezekani. Sasa shuka hadi hezi 20 uzidishe zote hizo kwa nne.

Ndani ya sikio hesabu inabadilika kabisa. Ieafoni iliyoziba vizuri inafungia hewa ya sentimita 2 hivi za ujazo kati yake na ngoma ya sikio. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8 na nusu, kwa hiyo katika nafasi hiyo ndogo hakuna wimbi linalosafiri, kuna shinikizo linalopanda na kushuka tu. Kufikia desibeli zilezile 90, utando wa milimita 10 unasogea chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Na mwendo huohuo unatosha kwa hezi 20. Ndiyo maana hedifoni haihitaji kuwa kubwa ili ishuke chini, inahitaji kuziba.

Jambo dogo kwa wanaohamisha mitambo kutoka pwani: Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Koni ikisogea kwa kiasi kilekile, Mwanza inatoa takriban desibeli moja pungufu. Si tofauti ya kukukosesha usingizi, lakini ipo.

Hedifoni: tafuta penye kuvuja

Mwanya mdogo tu kati ya sponji na ngozi unaweza kuondoa desibeli 10 na zaidi chini ya hezi 100. Sauti ya mwimbaji haiguswi, kwa hiyo msikilizaji anadhani hedifoni haina besi. Wanaovuja zaidi ni wenye miwani ya fremu nene, waliosuka rasta zinazopita chini ya sponji, na wanaovaa hedifoni juu ya hijabu au kofia ya sufu. Sponji za ngozi bandia nazo, kwa joto na jasho, huanza kumenyeka kisha hubonyea; hapo kinachohitajika ni sponji mpya zenye kipimo sahihi. Pima kipenyo cha nje kwa milimita kabla ya kwenda dukani, maana sponji iliyo kubwa kwa milimita 5 hukunjamana na kuvuja upya.

Kujaribu ni rahisi. Pakua kwenye simu programu ya kutengeneza toni, weka hezi 40, sauti ya wastani. Bonyeza vikombe vya hedifoni kwa viganja, taratibu. Besi ikiongezeka unapobonyeza, kuna uvujaji. Isipobadilika, umeziba vizuri na besi unayoisikia ndiyo besi ya hedifoni hiyo. Kwa hedifoni zenye mgongo wazi kipimo hiki hakisemi mengi, kwani zimeundwa kupumua, na kwa kawaida besi yake ya chini hupungua taratibu hata zikikaa vizuri.

Ieafoni za mpira huja na mipira ya saizi tatu, na watu hubaki na ile ya kati iliyotoka nayo kiwandani. Jaribu zote. Sikio la kushoto na la kulia huweza kutofautiana, hivyo kutumia saizi mbili si kosa. Vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ingiza ieafoni, kisha achia. Ikiwa upande mmoja besi ni hafifu, badilishana: ya kulia iweke kushoto. Udhaifu ukibaki sikio lilelile, saizi ya mpira hailifai sikio hilo. Udhaifu ukihama pamoja na ieafoni, angalia kichujio cha waya mdogo mdomoni mwake, huzibwa na nta ya sikio, na lile tundu dogo la nyuma ambalo likijaa uchafu hukaza utando na kupunguza besi.

Zile ieafoni zinazokaa mlangoni tu mwa sikio bila mpira haziwezi kuziba. Watengenezaji huzifidia kwa kuongeza besi kielektroniki, na ukipandisha sauti fidia hiyo huishiwa nguvu. Sizipendekezi kwa anayejali besi, hata kama ni za bei mbaya.

Kuna kitu kimoja ambacho hedifoni haitakupa: mwili. Anayetaka kukijua aende Bujora, Kisesa, asimame karibu na ngoma kubwa za Wasukuma zikipigwa. Sehemu ya besi ile inaingia kwa kifua na tumbo. Hedifoni inabaki masikioni. Watu wakipewa nafasi ya kuirekebisha wenyewe huiongezea besi ili kufidia. Utafiti wa Sean Olive na Todd Welti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, uliotolewa kuanzia mwaka 2013, ulionyesha kwamba wasikilizaji wengi wanapendelea hedifoni inayofanana na spika nzuri ndani ya chumba kizuri, maana yake nyongeza ya desibeli 4 hadi 6 hivi chini ya hezi 100. Ukizidisha hapo besi inaanza kufunika sauti ya mwimbaji.

Spika: chumba ndicho kinachopiga

Kuta za tofali za saruji zinarudisha besi karibu yote. Mawimbi yanapogonga ukuta mmoja na kurudi kutoka wa pili, kuna masafa yanayojijenga na mengine yanayojiua. Kuyapata, gawanya 173 kwa urefu wa chumba kwa mita. Chumba cha futi 10 kwa 12, yaani mita 3.05 kwa 3.66, kina vilele kwenye hezi 57 na hezi 47, na mara mbili yake, hezi 113 na 95. Dari la futi 9 linaongeza hezi 63. Noti zinazoangukia hapo zitavuma, nyingine zitanyauka. Chumba cha futi 10 kwa 10, ambacho ndicho kimejaa kwenye nyumba za kupanga, kina ubaya wake: urefu na upana vyote vinaangukia hezi 57, na mrindimo unarundikana mahali pamoja. Ule "mm mm mm" wa amapiano umetoka hapo.

Kwa vilele vya kwanza, hezi 57 na 47, katikati kabisa ya chumba ni shimo na ukutani ni kilele. Anayekaa katikati atasema hakuna besi. Anayelalia kitanda kilichoegemea ukuta atasema imezidi. Na wote wako chumba kimoja wakisikiliza sabufa moja. Mahali pa kuanzia kuketi ni asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta mmoja. Kwa chumba cha mita 3.66 hiyo ni mita 1.4. Sogeza kiti sentimita 20 mbele au nyuma ukiwa unapiga toni za hezi 40, 45, 50 na kuendelea hadi 100, utasikia vilele vikihama.

Mahali pa sabufa patafutwe kinyumenyume. Weka sabufa juu ya kiti unachokalia, piga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea (rumba ya zamani inafaa kuliko muziki wa ngoma moja), halafu piga magoti uzunguke kando ya kuta sikio likiwa karibu na sakafu. Utakapokuta noti zote zina uzito unaokaribiana, hapo ndipo sabufa iende. Njia hii inafanya kazi kwa sababu ukibadilishana nafasi ya chanzo na msikilizaji, matokeo ya chumba yanabaki yaleyale. Kona inatoa besi nyingi kuliko pengine pote, lakini inaamsha vilele vyote kwa pamoja. Naiona kama suluhisho la mwisho kwa sabufa dhaifu.

Spika kubwa za pembeni zina mtego wao. Ukiiweka mita moja mbele ya ukuta, sauti inayorudi kutoka nyuma inaiua hezi 86 hivi, ambayo robo ya wimbi lake ni mita hiyo moja. Isogeze karibu, sentimita 20 au 30, na shimo hilo linapanda hadi karibu hezi 300 na zaidi ambako halina madhara makubwa. Usijaribu kulijaza shimo kwa ekwalaiza. Kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili, desibeli 10 ni mara kumi. Amplifaya itachemka, koni itafika mwisho wake, na sauti iliyoongezwa itauana na mwangwi wake vilevile. Kilele, kinyume chake, kinashushika vizuri: punguza hezi 57 kwa desibeli 6, bendi nyembamba, na chumba kinapumua.

Trei za mayai ukutani hazifanyi chochote kwa besi. Sponji ya sentimita 5 nayo hupunguza makali ya trebo tu, kwa sababu robo ya wimbi la hezi 50 ni mita 1.7. Kinachosaidia ni unene. Kanda ya Ziwa ni nchi ya pamba, na pamba iliyoshindiliwa wastani, bila kukazwa kama robota, ndani ya kitambaa kinachopitisha hewa, ikijazwa kwenye kona kutoka sakafuni hadi darini kwa unene wa sentimita 50 na kuendelea, inafyonza besi kuliko sponji zote za ukutani. Iwe mbali na soketi, mshumaa na jiko. Pamba inashika moto upesi. Godoro la akiba lililosimamishwa konani na sofa nene navyo vinasaidia kidogo.

Kabla ya kusema spika inakwaruza, piga toni ukiipandisha polepole kutoka hezi 30 hadi 120 na utembee chumbani. Bati lenye msumari uliolegea, vioo vya dirisha, mlango wa kabati, hata sufuria juu ya friji: kila kimoja kina masafa yake ya kuitikia. Kipande cha raba chini ya kichwa cha msumari kimeponya sabufa nyingi zilizopelekwa kwa fundi bure.

Kosa lilelile, dalili mbili

Nyaya za spika moja zikigeuzwa, chanya kwenye hasi, koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Besi inatoweka katikati ya chumba huku trebo ikiendelea kama kawaida. Kukagua, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya za spika kwa sekunde moja: chanya kwa chanya, koni itoke nje. Spika mbili zikienda pande tofauti, geuza nyaya za moja. Kwenye hedifoni kosa hilohilo haliui besi, kwa kuwa kila sikio lina hewa yake iliyofungwa na sauti mbili hazikutani. Utahisi tu kama muziki hauna makao kichwani.

Hedifoni inayopoteza besi pamoja na sauti ya mwimbaji, ikabaki na gitaa la pembeni na mwangwi kama wa kareoke, ina ugonjwa mwingine: waya wa pamoja umekatika, mara nyingi pale kwenye shingo ya pini. Bila waya huo unasikia tofauti ya kushoto na kulia peke yake, na besi na mwimbaji huwa katikati, kwa hiyo hufutika. Kata sentimita 3 za waya, unga pini mpya.

Kwa mafundi: angalia kapasita inayopeleka sauti nje kwenye amplifaya za zamani. Maikrofaradi 100 na hedifoni ya omu 32 zinaanza kukata besi kwenye hezi 50. Weka 470 na mkato unashuka hadi hezi 11. Kwa spika ya omu 4, maikrofaradi 1,000 zinakata kwenye hezi 40 na 2,200 zinashuka hadi 18. Kapasita iliyokauka inapoteza maikrofaradi zake, na besi inaondoka kidogokidogo bila mtu kugutuka. Zile kubwa za pawa saplai zikivimba utasikia mngurumo wa hezi 100, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na daraja la dayodi linauzidisha mara mbili.

Ufukweni

Mtambo uliotikisa ukumbi mjini unaweza kupwaya ukiwekwa ufukweni Igombe. Hakuna kuta, hakuna dari, na kila umbali ukiongezeka mara mbili zinapotea desibeli 6. Mafundi wengi hugawa sabufa mbili za inchi 18, moja kila upande wa jukwaa, ili zipendeze macho. Popote ambapo msikilizaji yuko karibu na moja kuliko nyingine kwa mita 2.9, hezi 60 inajifuta. Zirundike pamoja, moja juu ya nyingine au ubavu kwa ubavu; zinaongezeana hadi desibeli 6 na mashimo hayo hayapo. Ukiweza kuziegemeza kwenye ukuta imara au jiwe kubwa, na Mwanza mawe hayakosekani, unapata nyongeza ya bure kwa masafa yote ambayo robo ya wimbi lake inazidi kwa mbali umbali kutoka jiwe hadi koni.

Box lenye tundu liwe na kichujio kinachokata chini ya hezi 30 au pale fundi alipolipangia tundu. Chini ya hapo hewa haiibani tena koni, inatupwa mbele na nyuma mpaka koili ichanike. Na waya: mita 20 za milimita za mraba 0.75 kwa spika ya omu 4 zinakula karibu desibeli 2, wakati za 2.5 zinakula nusu desibeli tu na ushei.

Hewa hainyonyi besi kama inavyonyonya trebo, na kuta nazo huipitisha. Ndiyo maana baa ikipiga muziki Kirumba, aliye mbali anapata mdundo bila maneno.

Kulinganisha kwa haki

Chenye sauti kubwa hushinda kila mara, kwa hiyo sawazisha kwanza, na usawazishe kwa sauti ya mwimbaji, siyo kwa besi. Sikio la binadamu kwa sauti ndogo ni zito kwa besi: ili hezi 50 isikike sawa na desibeli 40 za hezi 1,000, inahitaji karibu desibeli 78, yaani nyongeza ya 38. Kwa desibeli 80 nyongeza inayohitajika ni 22 tu. Ukisikiliza hedifoni kwa sauti ya juu na spika kwa sauti ya chini usiku ili majirani walale, umelinganisha masikio yako, hujalinganisha vifaa.

Kivuko cha Kamanga au basi la safari ndefu ni mahali pabaya pa kupimia. Mngurumo wa injini unakaa palepale pa besi na kuifunika, na mtu huongeza sauti bila kujua. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinapunguza muda huo kwa nusu. Kwa 90 zimebaki saa 4. Ieafoni inayoziba vizuri, au hedifoni yenye kuzima kelele, inakupa besi bila kuongeza sauti.

Kwa wenye studio za chumbani Igoma au Nyegezi, hedifoni iliyoziba itumike kukagua yaliyo chini ya hezi 60, maana chumba kidogo kinadanganya hapo. Spika zitumike kupima uzito wa besi dhidi ya mwimbaji, kwa sauti ya wastani, kutoka kiti kilichopimwa. Ukichanganya muziki ukiwa umekaa kwenye shimo la hezi 57 utaongeza besi isiyohitajika, na wimbo utavuma kwenye kila gari. Kisha upige wimbo huo kwa spika ya simu yenyewe, bila ieafoni. Besi ikipotea kabisa, usiguse hezi 50, simu haitaitoa hata ukiongeza desibeli 20. Ongeza uchafu kidogo wa sauti (distoshani) kwenye noti za besi ili zizae hezi 100, 150 na 200. Ubongo utaijaza wenyewe noti ya chini iliyokosekana.